Enoch Sontonga: Mwalimu aliyeimbwa na mataifa, kaburi lake likapotea

KILA unapopigwa wimbo wa taifa wa Tanzania, mahadhi yanayosikika ni ya mwalimu wa shule ya misheni aliyefariki dunia huko Afrika Kusini Aprili 18, 1905. Mwalimu huyo ni Enoch Mankayi Sontonga. Wimbo wake ulivuka mipaka ya nchi nyingi, lakini kwa miongo kadhaa kaburi lake halikujulikana lilipo.

Sontonga, Mxhosa kwa kabila, alizaliwa mnamo mwaka 1873 huko Uitenhage, mji unaoitwa Kariega tangu mwaka 2021. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Pamoja na ualimu, alikuwa kiongozi wa kwaya, mhubiri na mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika katika daftari. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika, sala ya kuliombea bara zima. Wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji. Miaka sita baadaye mtunzi wake aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka 30 na ushei.

Walioueneza ni kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube. Januari 8, 1912 uliimbwa mjini Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Sol Plaatje aliurekodi London mwaka 1923, na mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi. Mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliyachukua mahadhi hayo na kuyapa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliyachukua mwaka 1964.

Wakati wote huo, mtunzi alikuwa amelala katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, katika sehemu waliyotengewa Wakristo Weusi. Diana alifariki dunia mwaka 1929. Ilipoanza juhudi ya kulitafuta kaburi, kumbukumbu zilipekuliwa kwa jina la Sontonga bila mafanikio. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilipopatikana, na ikabainika kwamba marehemu alikuwa ameandikishwa kwa jina la Enoch.

Septemba 24, 1996, Siku ya Urithi nchini humo, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa graniti nyeusi mahali hapo. Kaburi likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na marehemu akatunukiwa nishani ya dhahabu. Mwaka uliofuata wimbo wake ukawa sehemu ya wimbo mmoja wa taifa wa Afrika Kusini.

Wapo walimu wengi wa kwaya ambao nyimbo zao zingali zinaimbwa shuleni na makanisani, huku majina yao yakiwa yamesahaulika. Sontonga alibahatika kutafutwa, na leo jina lake lote limeandikwa juu ya kaburi lake.