Paul Bomani: Makato ya mkulima lazima yafanye kazi yaliyokatiwa

Mkulima wa pamba wa Shinyanga au Geita anayajua makato. Akiuza mazao hukatwa, na akinunua lita ya dizeli ya mashine ya kusaga hukatwa pia, ingawa makato ya dizeli hayaoni kwa macho. Swali lake ni lile lile kila msimu: fedha hiyo imekwenda wapi?

Mtu aliyewahi kulijibu swali hilo mbele ya wakulima wa Kanda ya Ziwa ni marehemu Paul Bomani, muasisi wa ushirika wa pamba na Waziri wa Fedha wa kwanza Mwafrika nchini.

Karani wa Mwadui

Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, wilaya ya Musoma wakati huo, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma Nassa na Ikizu. Mwaka 1945 alipata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, mkoani Shinyanga. Miaka miwili baadaye aliacha kazi hiyo, akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Wakati huo kilio kikubwa cha wakulima wa Usukuma kilikuwa mizani. Mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi binafsi, mnunuzi akapima mwenyewe, akasoma mwenyewe na kulipa alichosema yeye. Asiyejua kusoma mizani hakuwa na la kubisha. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao kwenye vituo vya kununulia. Tofauti ya ratili chache katika kila mzigo ikaonekana, na kila mtu akaelewa alichokuwa akipoteza kwa miaka mingi.

Bomani aliligeuza jambo hilo kuwa chama. Aliongoza Umoja wa Wakulima wa Jimbo la Ziwa, akazunguka vijijini kuhimiza vyama vya msingi, kisha akaenda kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, maarufu kama VFCU, naye akawa meneja wake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ushirika ndio uliokuwa ukinunua pamba ya kanda nzima.

Kinu cha Kasamwa

Kununua pamba mbichi peke yake hakukutosha, kwa sababu faida kubwa ilikuwa katika kuchambua. Kinu kinahitaji mtaji, na mtaji ulipatikana kwa wakulima kukubali kukatwa kiasi kidogo katika malipo yao. Kinu cha kwanza cha ushirika huo kikajengwa Kasamwa, Geita.

Mkulima alikubali makato hayo kwa sababu tatu. Alijua yanakatwa kwa kazi gani, aliweza kufika Kasamwa akaona mashine ikizunguka, na chama cha msingi kilikuwa na mkutano ambao angeweza kusimama na kumuuliza katibu. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyofanya fedha ya mtu maskini iwe mtaji.

Ushirika ulikuwa pia mahali pa wananchi kukutana. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kufanya kazi katika jimbo hilo tangu mwaka 1954 hadi 1958. Bomani alilazimika kwenda kwa tahadhari ili siasa zisivunje chama cha wakulima.

Upande wa pili wa meza

Mwaka 1960 aliingia serikalini kama Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 akakabidhiwa Wizara ya Fedha kutoka kwa Sir Ernest Vasey. Hapo alikaa upande wa pili wa meza. Hazina ya nchi changa haina fedha ya kutosha, na waziri wa fedha yeyote hupenda mapato yote yaingie chungu kimoja ili achague: dawa, shule au barabara. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani njaa ikiingia huwezi kuwaambia wananchi kwamba fedha ipo lakini ni ya lami tu.

Lakini historia ya ushirika inaonyesha hatari ya chungu kimoja. Bomani alipokuwa ameshaondoka, malalamiko ya gharama kubwa na ubadhirifu yaliongezeka, na mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kabisa. Viliporudi miaka ya 1980, imani ya mkulima haikurudi navyo yote.

Lita ya dizeli

Wazo la fedha yenye kazi maalumu liko leo katika Mfuko wa Barabara. Sheria ya mwaka 1985 iliweka ushuru wa barabara katika mafuta, na marekebisho ya mwaka 1998 yakaunda bodi ya kuusimamia. Sehemu kubwa, isiyopungua asilimia 90, ni ya matengenezo, si ya ujenzi mpya. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari, ikaongeza shilingi 40 kwa lita katika ushuru wa bidhaa wa petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwenye gari alipumua. Mwenye kibatari na mwenye pampu ya maji, ambao hawana gari, wakaanza kuchangia.

Mfuko huo ukivuja, anayeumia kwanza ni mkulima. Lori likikwama kwenye tope, pamba hubaki ghalani, nauli hupanda na bei ya shambani hushuka.

Uvujaji si lazima uwe wizi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, mikataba ya migodi mikubwa ilitoa unafuu wa ushuru wa mafuta, ingawa mitambo na malori yake hutumia dizeli nyingi. Kamati iliyoundwa mwaka 2007 kupitia sekta ya madini ilipendekeza mwaka 2008 kwamba unafuu huo uondolewe. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mark Bomani, mdogo wake Paul.

Paul Bomani mwenyewe alikwisha fariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80, baada ya kuwa pia balozi nchini Marekani kwa zaidi ya miaka kumi.

Mnunuzi wa dizeli wa leo hana mkutano wa chama wa kumuuliza katibu. Ana diwani, ana ofisi ya TARURA, ambayo tangu 2017 inasimamia barabara za wilaya, na ana ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inayotoka kila mwaka. Kabla ya mvua za Novemba, aulize barabara ya kijiji chake imetengewa kiasi gani, na greda litakuja lini.