Benedicto Kiwanuka: Jaji Mkuu Aliyekataa Kuinama

Wanafunzi wenzangu, sisi tunaosoma hapa Lodwar twaijua nyumba alimozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta. Alihukumiwa kule Kapenguria mwaka 1953, akatumikia kifungo Lokitaung, kisha akawekwa hapa kuanzia 1959 hadi 1961. Ndugu zetu wa Kakuma nao wanaishi karibu na kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Wamewasikia watu waliokimbia nchi ambako bunduki ilishinda sheria. Basi mtu hakosi kujiuliza, jaji mwema ni mtu wa namna gani? Hebu tutazame maisha ya jirani yetu wa Uganda, marehemu Benedicto Kiwanuka.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka, Buganda. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alijiunga na jeshi la Waingereza, akahudumu hadi Misri na Palestina. Aliporudi nyumbani alipata kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu ya Kampala. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya jaji Mzungu na Mwafrika aliyeshtakiwa, akitafsiri maneno ya huyu kwa yule. Bila shaka hapo aliona mengi!

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ingawa alikuwa mtu mzima, alirudi darasani. Alikwenda kusoma Lesotho, iliyoitwa Basutoland wakati huo, kisha akavuka bahari hadi London kusomea sheria. Mwaka 1956 alikubaliwa kuwa wakili, akarudi Kampala kufanya kazi hiyo.

Siasa nayo ilimwita. Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party, yaani DP. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa 1961, na tarehe 1 Machi 1962 Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Cheo hicho hakikudumu hata miezi miwili. Mwezi wa Aprili alishindwa na Milton Obote na washirika wake, na Obote ndiye aliyepokea uhuru tarehe 9 Oktoba. Mwaka 1969 serikali ya Obote ikamtia Kiwanuka kizuizini.

Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali. Alimfungulia Kiwanuka, na mwaka huohuo akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Fikiria, msomaji! Yule mkalimani wa zamani sasa ameketi kwenye kiti cha juu kabisa mahakamani. Tena aliyempa uhuru na cheo ni mtu mmoja, Amin. Wengi wangenyamaza wakala mshahara.

Kiwanuka hakunyamaza. Septemba 1972 ililetwa kesi ya Mwingereza mmoja mfanyabiashara ambaye wanajeshi walikuwa wamemfunga. Wakati huo Wahindi walikuwa wakifukuzwa nchini na watu walikuwa na hofu tele. Jaji Mkuu aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na haki ya kumkamata mtu huyo, akaamuru aachiliwe. Si mchezo! Alijua vizuri ni nani mwenye bunduki.

Tarehe 21 Septemba 1972, mchana kweupe, watu wa Amin waliingia Mahakama Kuu wakamchukua kwa nguvu. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 50. Jamaa zake hawakukabidhiwa maiti wazike. Amin alitawala hadi 1979 alipong'olewa akakimbia nchi. Jina la Kiwanuka halikufutika, na tangu 2018 mahakama za Uganda zimekuwa zikiandaa mhadhara wa kumkumbuka.

Wenzangu, tukiulizwa tunataka kuwa nani, wengi wetu husema wakili au jaji, huku tukifikiria gari na suti. Tukumbuke kwamba Kiwanuka alikuwa na deni kwa Amin, lakini hakulilipa kwa haki ya mtu mwingine. Huo ndio ujaji. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi.