Carver Achagua Kazi Yake

George Washington Carver alizaliwa utumwani huko Missouri, katika Marekani. Alipopata uhuru alitafuta elimu kwa taabu nyingi, akifua nguo za watu ili apate chakula. Alikuwa hodari wa kuchora, hata mwaka 1893 picha yake ilisifiwa mjini Chicago.

Mwaka 1896, alipokaribia kumaliza masomo ya kilimo huko Iowa, njia zilikuwa kadhaa: kuchora, au kubaki Iowa akifundisha, au kwenda Tuskegee, alikoitwa na Booker T. Washington. Huko watu weusi walikuwa maskini, na pamba ilikuwa imedhoofisha mashamba yao.

Basi Carver akaweka rangi zake kando, akaenda. Akawafundisha kupanda karanga na kunde, udongo upate nguvu tena. Akakaa nao hata kufa kwake, mwaka 1943.