Hayati George Mukabi na Gitaa Lake

Hayati George Mukabi alizaliwa mwaka 1930 huko Kisa, katika nchi ya Waluhya, magharibi ya Kenya, si mbali na mpaka wa Busia. Katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki jina lake haliwezi kurukwa.

Nchi hiyo, kama hii yetu ya Kwapa na Tororo, ni nchi ya ala za nyuzi zenye maumbo ya ajabu. Waiteso wana adeudeu, ambayo tumbo lake ni mti uliochongwa kama mtumbwi na kuwambwa ngozi. Wapadhola wana tongoli, na Wabukusu wana litungu, yenye mikono miwili iliyounganishwa juu kwa mti. Gitaa lilikuja baadaye, na miongoni mwa waliolileta vijijini ni askari wa Keya waliorudi kutoka vita ya mwaka 1939 hadi 1945.

Mukabi alilipiga gitaa la kawaida kwa vidole viwili: gumba likishika besi, kidole cha shahada kikiufuata wimbo. Mtindo huo unaitwa omutibo. Badala ya ngoma, chupa ya Fanta yenye mbavu ilikwaruzwa kwa chuma. Wimbo wake Sengula ulipendwa mno.

Katika nchi za mbali wapo waliobadili umbo la gitaa ili kuwashangaza watazamaji. Mmarekani Bo Diddley alipiga gitaa lililofanana na sanduku, na mwaka 1958 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lenye umbo la herufi V. Mukabi hakugusa umbo. Aliigeuza sauti, hata chombo cha kigeni kikanena kama ala za wazee wake.

Mwaka 1963, mwaka Kenya ilipopata Uhuru, Mukabi aliuawa katika ugomvi wa kifamilia, akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Hatukusudii kumhukumu marehemu wala jamaa zake. Lakini askari ndiye aitwaye usiku nyumba za watu zinapowaka kwa hasira, na huenda akadhani kwamba ugomvi wa mke na mume ni jambo dogo la kuachiwa wenyewe. Sivyo. Hasira ya saa moja ilizima mikono ambayo haikupata mfano.

Muziki wake haukuzikwa naye, kwa kuwa mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliurithi mtindo huo. Hata hivyo, nyimbo ambazo Mukabi angezitunga baada ya mwaka huo hatutazisikia kamwe.