Robert FitzRoy: Nahodha aliyewaonya mabaharia kabla ya dhoruba

Januari 1829, nahodha Mwingereza Robert FitzRoy, akiwa na miaka 23 tu, aliiongoza meli ya HMS Beagle karibu na mdomo wa mto La Plata, Amerika Kusini. Barometa ilionyesha mgandamizo wa hewa unashuka. Hakuitilia maanani. Dhoruba ikaipiga meli, mabaharia wawili wakapotea baharini.

Wengi wanamjua FitzRoy kama nahodha aliyemzungusha Charles Darwin duniani kati ya 1831 na 1836. Lakini kazi yake kubwa ilianza 1854, alipokabidhiwa idara mpya ya hali ya hewa mjini London. Alitakiwa kukusanya takwimu za upepo baharini, basi.

Oktoba 1859 mambo yakabadilika. Dhoruba iliivunja meli ya Royal Charter kwenye miamba ya Anglesey, Wales, ikiwa imekaribia kufika Liverpool. Zaidi ya watu 400 walikufa.

FitzRoy alipopitia vipimo vya siku zile aliona kumbe dalili zilikuwepo. Dhoruba za huko huzaliwa pale hewa baridi ya kaskazini inapokutana na hewa ya joto yenye unyevu kutoka kusini. Hewa ya joto hupanda na kupoa, mvuke wake ukawa mawingu na mvua. Chini yake mgandamizo hushuka, na upepo wa pembeni hukimbilia hapo huku ukizunguka.

Dhoruba ina kasi, lakini telegrafu ina kasi zaidi. Hivyo mwaka 1861 akaanza kutuma tahadhari bandarini, ambako ishara zilitundikwa mlingotini. Agosti mwaka huo, utabiri wake ukaanza kutoka kwenye gazeti la The Times.

Alipokosea, walimcheka. Baadhi ya wanasayansi waliona anabahatisha tu. Afya ikadhoofika, fedha zikamwishia. Aprili 30, 1865 alijitoa uhai, akiwa na miaka 59.

Mwaka uliofuata tahadhari zilisitishwa. Watu wa bahari wakapiga kelele, na 1867 zikarudishwa.

Mwaka 2002, eneo la bahari lililoitwa Finisterre katika utabiri wa Uingereza lilipewa jina la FitzRoy. Ni eneo pekee kwenye orodha hiyo lenye jina la mtu.