Seyyid Barghash bin Said: Aliyewavika Wageni Nyota



Safari hii tunaeleza maisha ya mtu ambaye hakuwa wa imani yetu, lakini historia ya Kanisa letu katika pwani hii haiwezi kuandikwa bila kumtaja. Ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Wengi wanamkumbuka kwa jumba la Beit el Ajaib na kwa maji ya mfereji. Sisi tunataka kumtazama kupitia kitu kidogo kinachotosha kiganjani: nishani aliyoianzisha ili kuwaheshimu wageni mashuhuri.

Kuzaliwa na ujana wake

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake kutoka Oman hadi Unguja. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman, na Barghash alikuwa naye chomboni. Kijana huyo alifika Unguja na maiti ya baba yake, akaizika usiku kimya kimya, akitaka kushika madaraka kabla kaka yake Majid hajajipanga. Hakufaulu, na Majid akawa Sultani.

Mwaka 1859 alijaribu tena. Safari hii walimsaidia dada zake, akiwemo Khole na mdogo wao Salme, binti wa miaka 15 hivi. Salme alikuwa amejifunza kuandika, jambo la nadra kwa mabinti wa jumba la kifalme wakati ule, kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika barua za siri za waasi. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash mjini, dada zake walimtoa humo akiwa amejifunika nguo za kike, akapita mbele ya askari bila kutambuliwa, akaenda kujiunga na wenzake katika shamba lililoitwa Marseille. Wanamaji wa Kiingereza waliingia upande wa Majid na uasi ukavunjwa. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa huko miaka ipatayo miwili.

Tulikumbuke jambo hilo: Barghash aliokolewa na dada zake, nao walijua wanachohatarisha.

Utawala wenye misukosuko

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akarithi. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Kimbunga hicho hicho kiliangusha majengo ya misheni yetu ya Bagamoyo, ambayo Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameianzisha mwaka 1868, baada ya kuwa wamefika Unguja mwaka 1863.

Mwaka uliofuata Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Sultani apige marufuku biashara ya watumwa. Barghash alikataa kwanza, kwa sababu hazina yake na matajiri wake walitegemea biashara hiyo. Konseli John Kirk alipomfikishia habari kwamba manowari zingeifunga bandari, alikubali. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini na soko la watumwa la mjini likafungwa. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Visiwani uliendelea kuwa halali hadi mwaka 1897, miaka tisa baada ya kifo chake. Ni haki kusema kwamba Barghash alifanya jambo jema kwa kulazimishwa. Ni haki pia kusema kwamba mwaka 1876 alikwenda mbele zaidi, akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Nyota Ing'aayo

Mwaka 1875 Barghash alisafiri hadi Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, na alirudi kwa njia ya Ufaransa. Huko Ulaya heshima ilikuwa na lugha yake: utepe, nyota ya dhahabu au fedha, daraja la kwanza, daraja la pili. Mwaka huo huo naye alianzisha nishani yake, Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, kwa Kiarabu al-Kaukab ad-Durri. Maneno hayo ya Kiarabu yamo katika Kurani, katika aya ya Nuru, inayofananisha nuru ya Mungu na taa ndani ya kioo king'aacho kama nyota. Ndugu zetu Waislamu wakisikia jina hilo hukumbuka aya. Sisi tukilisikia tunawakumbuka Mamajusi, wageni wa mbali walioongozwa na nyota.

Nishani hiyo ilikuwa na madaraja, na ya juu ilitengwa kwa watawala na watu wa ukoo wa kifalme. Wengi walioipata walikuwa watu wa nje. Miongoni mwao alikuwa Lloyd Mathews, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeanza kumfundishia Sultani askari wake mwaka 1877, na ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar hadi alipofariki huko mwaka 1901.

Kwa nini Sultani wa visiwa viwili ahangaike na nyota? Aristoteli alifundisha kwamba heshima inamtegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea. Barghash alilielewa hilo bila kukaa darasani kwetu. Anayetoa nishani anasema kwamba yeye ni mwenye nyumba, ana mamlaka, naye ndiye anayepima nani anastahili. Katika miaka ambayo mataifa makubwa yalimtendea kama mtoto, kila nyota aliyomvika Mzungu ilikuwa njia ya kusema kwamba Zanzibar ni dola.

Aliwajengea watu wake pia. Alileta maji safi mjini kutoka chemchemi ya Chemchem. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden. Alileta mtambo wa kuchapa vitabu, akajenga kasri la Marhubi, na mwaka 1883 Beit el Ajaib.

Mlango uliofungwa

Sasa turudi kwa Salme. Baada ya uasi kushindwa, Majid alimsamehe naye akapatana na Majid. Barghash hakuupenda upatanisho huo. Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja akiwa mjamzito, na mwaka 1867 huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Miaka mitatu baadaye mume wake alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo.

Barghash alipokuwa London mwaka 1875, Salme alikwenda huko akitumaini kumwona. Hawakukutana, kwa kuwa wakubwa wa Uingereza hawakutaka jambo hilo liharibu ziara. Mwaka ule ule nyota iliundwa kwa ajili ya wageni, na dada akarudi Ujerumani bila kuuona uso wa kaka.

Mwaka 1885 alifika hadi Unguja kwenyewe. Lakini alikuja pamoja na manowari za Ujerumani, wakati Carl Peters alikuwa amekusanya mikataba bara na Kaisari ameitambua. Barghash alikuwa amelalamika. Jibu lake lilikuwa mizinga ikielekea kasri lake. Hakumpokea dada yake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara, zikamwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Alifariki Machi 1888, akiwa amechoka na mgonjwa. Miezi michache baadaye Salme alikuja tena Unguja, na kaka hakuwepo. Yeye alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Tusimhukumu Barghash kwa haraka. Alikuwa na sababu: dada aliyeiacha dini ya baba yao, na aliyekuja chini ya bendera ya waliokuwa wakimpokonya nchi. Hata hivyo, yule aliyewapa heshima wageni, wengine wao wakiwa watumishi wa mataifa yaliyomgawa, hakupata namna ya kumfungulia mlango yule aliyemwandikia barua akiwa binti mdogo.

Makunduchi wanatufundisha nini

Kusini kabisa mwa Unguja, huko Makunduchi, hakuna kumbukumbu ya nyota hizo. Watu wa upande huo walikuwa na mtawala wao wa jadi, Mwinyi Mkuu, mwenye makao Dunga, na ukoo huo wa utawala ulikoma mwaka 1873, katika enzi ya Barghash. Wakulima na wavuvi hao walimlipa Sultani kodi. Nishani hazikufika kwao.

Lakini wao wanayo desturi ambayo kasri halikuwa nayo. Kila mwaka, mwezi Julai, husherehekea Mwaka Kogwa. Watu wa pande mbili za mji hupigana hadharani kwa vipande vya migomba, na mwenye kinyongo na mwenzake hukimaliza hapo. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, watu hula pamoja. Inasemwa pia kwamba si vizuri nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tazameni jinsi mambo mawili yanavyokaa mahali pamoja: mgeni anaheshimiwa, na ugomvi wa ndugu hauvuki mwaka. Barghash alilifanya la kwanza kwa dhahabu na fedha. La pili lilimshinda.

Hitimisho

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatuambia kwamba heshima ni ushuhuda wa wema uliomo ndani ya mtu. Haiwezi yenyewe kuwa heri yetu. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutapewa majina ya heshima na viti vya mbele. Parokia zetu nazo zinajua kupokea wageni: ngoma, vitenge, mashada, hotuba ndefu. Hayo ni mema, na Barghash hakukosea kuwaheshimu wageni. Swali ni nani amesimama nje ya geti wakati tunawavika wageni mashada. Pengine ni dada aliyeolewa nje ya Kanisa, au kaka tuliyegombana naye kwa shamba la marehemu baba, au Mkristo mwenzetu aliyehamia dhehebu jingine na ambaye jina lake halitajwi tena nyumbani.

Esau alikuwa na sababu zote za kumkataa Yakobo, tena alikuja na watu mia nne. Lakini alipomwona ndugu yake kwa mbali, alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Tumwombee Seyyid Barghash na dada yake Salme, Mungu aliye nuru awakutanishe wale ambao dunia haikuwakutanisha. Nasi tusingoje manowari wala mauti: kama kuna barua ya kuandika au simu ya kupiga, ifanyike kabla mwaka haujageuka.