John Scott Haldane, daktari aliyevuta sumu ya mgodini

Yakitajwa makaa ya mawe wengi wetu tunakumbuka Kiwira au Ngaka. Leo tunakwenda mbali, Scotland, ambako mwaka 1877 gesi ililipuka katika mgodi wa Blantyre na kuua watu zaidi ya 200. John Scott Haldane, mzaliwa wa Edinburgh, alikuwa na miaka 17. Baadaye alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, chuo kile kile alichokuja kusoma Mwalimu Nyerere, akahitimu mwaka 1884.

Gesi inayolipuka ni methani, ambayo hujificha ndani ya makaa. Ikichanganyika na hewa kisha ikakutana na moto wa taa, hulipuka, na kishindo chake hutimua vumbi la makaa ambalo nalo huwaka. Watu wengi waliamini kwamba wachimbaji hufa kwa moto na kishindo hicho.

Januari 1896 mgodi wa Tylorstown, nchini Wales, ulilipuka na kuua watu 57. Haldane akaenda kuchunguza miili. Wengi hawakuwa na majeraha ya kuwaua, ila ngozi zao zilikuwa na wekundu, utadhani watu wenye afya njema. Rangi hiyo aliijua. Ilikuwa alama ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayobaki baada ya mlipuko. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na waokoaji wanaokimbilia ndani huwaua vilevile.

Aliijua kwa sababu alishaivuta mwenyewe kwenye maabara, akiandika dalili moja baada ya nyingine mpaka miguu ikaanza kumkataa. Sisi tusijaribu. Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la mkaa tunaloingiza chumbani usiku wa mvua hapa Kidodi, tukafunga mlango na dirisha tupate joto.

Haldane alishauri wachimbaji washuke na panya au ndege wadogo waitwao kanari, jamaa ya chiriku wetu. Kiumbe mdogo hupumua haraka, hivyo sumu humwangusha kabla ya mtu, na mtu akapata nafasi ya kutoka.

Hata mwanawe hakumwacha nyumbani. Siku moja mgodini alimwambia kijana huyo asimame wima na kukariri hotuba kutoka mchezo wa Julius Caesar, ule ambao Mwalimu aliutafsiri kwa Kiswahili. Methani ni nyepesi, hukaa juu karibu na dari. Kijana hakufika mbali, akaanguka. Na pale chini, penye hewa nzuri, akazinduka. Mzazi wa leo angeshtakiwa, lakini somo lile kijana hakulisahau.

Haldane aliendelea kuchunguza hewa ya wapiga mbizi na, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, gesi za sumu. Alipokuwa na miaka 75 alisafiri Uajemi na Iraki kuchunguza wafanyakazi wa mafuta walioangushwa na joto. Aliporudi aliugua nimonia, akafariki Oxford Machi 1936. Ndege wake waliendelea kushuka migodini Uingereza kwa miaka mingine 50, hadi vipimo vya umeme vilipochukua nafasi yao mwaka 1986.